Vidole Vinavyobaki

Neno "kodi" katika lugha yetu limebeba mizigo miwili isiyofanana. Wa kwanza tunaujua sote: ni ile fedha anayodai mwenye nyumba mwezi unapokwisha, au ile inayodaiwa na serikali kila tunaponunua na kuuza. Wazee wa umri wa baba yangu walipolisikia neno hilo walikumbuka kodi ya kichwa ya enzi za mkoloni, na nyuso zao zikabadilika. Mzigo wa pili wanaujua wapiga muziki. Kwao kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja na kusikika kama kitu kimoja. Nilianza kujifunza gita nikiwa nimekwisha kuvuka miaka 70, na siku moja ndani ya basi nilikuwa nikimweleza mtu kwa simu kwamba kodi bado inanishinda. Bwana mmoja niliyekaa naye kiti kimoja alinipa pole kwa dhati, akaniuliza kama mwenye nyumba ni mtu wa kusikilizana naye.

Nataka kuzungumza juu ya kodi hiyo ya pili. Nia yangu si kumfundisha msomaji kupiga gita, maana kwa kazi hiyo wako wanaojua zaidi yangu. Nataka kueleza tofauti iliyopo kati ya kuijua kodi na kuielewa. Tofauti hiyo ilinishughulisha miaka yote niliyokuwa darasani, kwanza mbele ya watoto wa shule ya msingi, kisha mbele ya vijana wa chuo cha ualimu, na mwishoni nikiwa mkuu wa shule. Nimeikuta tena uzeeni kwenye nyuzi sita, na safari hii mwanafunzi ni mimi.

Watu wa rika langu tulikua na gita hewani. Redio moja ilihudumia mtaa mzima, na jioni tuliizunguka kama watu wanaoota moto. Kutoka Morogoro tulimsikia Salum Abdallah na Cuban Marimba, mpaka alipofariki mwaka 1965. Akaja Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, ambaye gita lake la solo lilijibizana na sauti yake hadi ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1979. Kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Katanga, zilivuma nyimbo za Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao huku akipiga gita kavu peke yake. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, na sahani zake zikafika mbali sana. Bosco alicharaza kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikaimba, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili.

Tulisikia yote hayo, lakini hatukujua kilichokuwa kikitendeka. Tulisema tu, "Huyu ana mkono," na tukaishia hapo. Tuliamini kwamba mkono wa gita ni kitu anachozaliwa nacho mtu, kama urefu au rangi ya macho. Hapana shaka kipaji kipo. Lakini neno hilo limewahi kutumika kufunga milango mingi. Mtoto akishindwa hesabu huambiwa hana kichwa, na akishindwa kuimba huambiwa hana koo, na mambo yanaishia hapo kabla mtu yeyote hajamweleza jambo lenyewe likoje.

Gita lilinijia kwa njia ya kawaida. Mjukuu wangu alihamia mjini akaliacha, likawa linaning'inia ukutani na kukusanya vumbi. Mwalimu niliyempata ni kijana mwendesha bodaboda ambaye hupiga gita kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Mama yake nilimfundisha hesabu. Kijana huyo alikuja kwa siku alizoahidi na kwa saa alizoahidi, na kila mara alianza kwa salamu kamili: "Shikamoo, Mwalimu. Leo tunashika C."

Kabla ya kuishika C, na tulitazame gita lenyewe. Lina nyuzi sita. Ukianza na ule mnene ulio karibu zaidi na kidevu chako, majina yake ni E, A, D, G, B, halafu E tena iliyo nyembamba. Wapigaji huzihesabu kutoka chini, hivyo ule mwembamba ni wa kwanza na ule mnene ni wa sita. Shingoni vimelazwa vyuma vyembamba vinavyokatiza nyuzi zote. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma mimi huiita chumba. Kila unaposogeza kidole chumba kimoja kuelekea kwenye tumbo la gita, sauti hupanda hatua moja ndogo. Ukipanda vyumba 12 unaikuta sauti ile ile uliyoanza nayo, ila ni nyembamba zaidi. Nilichukua rula nikapima: chuma cha 12 kimesimama katikati kabisa ya uzi. Nusu ya uzi huimba jina lile lile linaloimbwa na uzi mzima. Hesabu hiyo haikuamuliwa na kamati yoyote. Imo ndani ya uzi wenyewe, na ilikuwamo kabla ya gita la kwanza kuchongwa.

Sasa C. Kidole cha pete kinakwenda uzi wa tano, chumba cha tatu. Kidole cha kati kinakwenda uzi wa nne, chumba cha pili. Kidole cha shahada kinakwenda uzi wa pili, chumba cha kwanza. Uzi wa tatu na wa kwanza unaziacha wazi, na ule mnene wa sita huupigi kabisa. Kuandika hivi ni rahisi. Kushika ni shughuli nyingine. Siku za kwanza ncha za vidole vyangu ziliwaka moto, na nyuzi zilitoa mlio kama wa kijiko ndani ya sufuria tupu. Kijana alinionyesha kwamba dawa si nguvu, bali ni mahali. Kidole kikikaa karibu na chuma, uzi hulia kwa kubonyezwa kidogo tu. Kikikaa mbali nacho, hata ubonyeze kwa hasira, uzi utakoroma. Baada ya wiki kadhaa ngozi ya vidole ilikuwa ngumu, nami niliweza kutoa C inayotambulika.

Hapo ndipo nilipouliza swali la kiualimu. "Kwa nini vidole vinakwenda hapa na si pale?"

Kijana alicheka kwa adabu. "Ndivyo ilivyo, Mwalimu. Ukiona C imeandikwa, unashika hivi."

Jibu lake halikuwa baya. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa jibu hilo alikuwa amepiga harusi, misiba na ibada nyingi bila kukosea. Mkono wake ulijua kodi nyingi kama mtu anavyojua njia za mtaani kwao gizani. Lakini mimi nilikuwa mzee mwenye muda, nikachukua daftari.

Nilihesabu hivi. Uzi wa tano ni A. Ukipanda vyumba vitatu unakuwa C. Uzi wa nne ni D. Ukipanda viwili unakuwa E. Uzi wa tatu uko wazi, ni G. Uzi wa pili ni B. Ukipanda kimoja unakuwa C. Uzi wa kwanza uko wazi, ni E. Nikaandika kwa mstari mmoja: C, E, G, C, E. Nyuzi tano zinalia, lakini majina ni matatu tu. Kisha chini ya herufi hizo nikaandika majina tuliyofundishwa chuoni: do, mi, so, do, mi.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kwaya ataelewa kwa nini niliiweka kalamu chini. Katika makanisa na shule zetu nyingi, kabla wimbo haujaanza, mwalimu wa kwaya hutoa sauti: do kwa hawa, mi kwa wale, so kwa wengine, na do ya chini kwa besi. Kila kundi huguna sauti yake taratibu, na kwa nukta chache kabla ya wimbo watu wote husimama juu ya sauti hizo tatu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapa watu kodi ya kwanza ya wimbo bila kuwa na sababu ya kuiita kwa jina hilo. Gita lilikuwa likifanya kwa vidole vitatu kile ambacho kwaya hufanya kwa watu 40.

Majina hayo ya do na mi tulikuja nayo mbali. Njia ya kuyaandika kwa herufi za kawaida, badala ya nota za mistari mitano, ilibuniwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich, na John Curwen akaikuza kuanzia miaka ya 1840 ili watoto na watu wa kawaida waweze kuimba wakiwa na karatasi mkononi. Wamisionari wakaibeba hadi huku, na vyuo vya ualimu vikaipokea. Vijana wengi wa leo hawaipendi. Wanaiona kitu cha babu. Mimi naiheshimu kwa sababu moja. Herufi C ni jina la sauti, lakini do ni jina la kazi. C ni C mahali popote. Do ni sauti yoyote iliyopewa kazi ya kuwa nyumbani.

Nilipolishika jambo hilo, mengine yalianza kufunguka. Kutoka do hadi mi kuna hatua ndogo nne, na kutoka mi hadi so kuna tatu. Hesabu hiyo ya nne na tatu ndiyo inayoipa kodi uso wa furaha. Igeuze iwe tatu na nne, na kodi hiyo hiyo itavaa huzuni. Katika gita unaweza kulifanya hilo kwa kidole kimoja. Shika kodi ya A, kisha ushushe sauti ya uzi wa pili chumba kimoja, na furaha inaondoka kama taa iliyozimwa. Sauti iliyohama ni mi peke yake. Do iko palepale, so iko palepale. Naomba msomaji aikumbuke hiyo mi, maana nitarudi kwake.

Jambo la pili lililonifurahisha ni kuhama kutoka C kwenda A ya huzuni, ambayo huandikwa Am. Wanaojifunza hufundishwa kwamba ni hama rahisi: kidole cha shahada na cha kati vinabaki vilipo, na cha pete peke yake ndicho kinachoondoka kwenda uzi wa tatu, chumba cha pili. Mkono wangu ulikwisha kulijua hilo. Lakini tazama ndani yake. C ina sauti C, E na G. Am ina sauti A, C na E. Kodi mbili hizo zina sauti mbili za pamoja, C na E. Na vidole vinavyobaki vimeshika nini? Cha shahada kimeshika C, cha kati kimeshika E. Vilibaki kwa sababu sauti zilibaki. Kile ambacho mkono ulikuwa umekikariri kama urahisi tu kilikuwa na sababu tangu mwanzo. Nilimwonyesha kijana. Alitazama vidole vyake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani wa siku zote ni ndugu yake wa damu.

Hapa niseme neno juu ya kukariri, kwa sababu siku hizi ni desturi kulibeza. Walimu vijana huja na mbinu mpya na kutamka "kukariri" kama watu wanaotaja ugonjwa. Gita halikubaliani nao. Wimbo haungoji. Kodi inapobadilika unayo nusu ya nukta ya kuhamisha vidole vitatu, na katika nusu nukta hiyo huwezi kuhesabu hatua nne na tatu. Mkono lazima ujue peke yake, kama mtoto anavyopaswa kujua kwamba saba mara nane ni 56 bila kurudi kwenye vijiti. Mtu anayeelewa kodi zote na hawezi kushika hata moja si mpiga gita. Kukariri ni ghala, na ghala tupu halilishi mtu.

Lakini ghala lina mlango wake. Anayekariri bila kuelewa hupata alichoweka, palepale alipokiweka, na hawezi kukihamisha. Mlango ukihama naye anabaki nje. Na kwetu mlango ulihama, kama nitakavyoeleza sasa.

Nyimbo nyingi sana tunazoimba, za kanisani, za shuleni na za dansi, hutosheka na kodi tatu. Sababu yake ni nzuri. Kodi ya kwanza hujengwa juu ya do, nayo ina do, mi, so. Ya nne hujengwa juu ya fa, nayo ina fa, la, do. Ya tano hujengwa juu ya so, nayo ina so, ti, re. Zikusanye: do, re, mi, fa, so, la, ti. Zote saba zimo. Sauti yoyote utakayoimba kwenye wimbo wa kawaida ina kodi mojawapo kati ya hizo tatu ya kuipokea. Kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni nyumbani. Ya nne ni kama kutoka kumtembelea jirani. Ya tano ni njia ya kurudi, kwa sababu ndani yake imo ti, na ti haitulii. Waimbishe watoto do re mi fa so la ti, kisha wanyamazishe hapo. Hawatavumilia. Mmoja ataimba do ya mwisho hata kama hukumruhusu.

Kijana alikuwa akiupiga wimbo mmoja wa shukrani kwa kodi za D, G na A. "Wimbo huu uko kwenye D, Mwalimu," aliniambia, kama mtu anayesema kwamba kijiji fulani kiko kando ya mto. Kwake wimbo na D vilizaliwa pamoja. Kwaya nayo iliuimba katika D, na sauti ya kwanza ilipanda juu vizuri, maana wasichana wa sauti ya kwanza wana koo changa.

Mke wangu aliimba sauti ya kwanza kwa zaidi ya miaka 40. Sauti za wanawake nyingi hushuka umri unapokwenda, na yake ilishuka. Kwanza aliziruka sauti za juu na kuzidakia zilizo chini. Halafu akawa anafungua kinywa tu. Mwisho akaacha kwenda mazoezini, akasema ana kazi za nyumbani. Nilipomuuliza alinijibu kwa neno ambalo sikulisahau: "Mwalimu, nyimbo zimepanda." Nyimbo zilikuwa palepale. Lakini alisema kweli kwa namna alivyoisikia, kama vile mzee anavyosema kilima cha kisimani kimekuwa kirefu. Hakulalamika. Alikoma tu kuimba, hata jikoni, na nyumba iliyozoea kusikia wimbo asubuhi ikawa kimya.

Nikachukua daftari tena. Niliandika namba za kodi badala ya herufi: kwanza, nne, tano. Katika D hizo ni D, G na A. Nikauliza: mke wangu anafika wapi bila kujikaza? Nikamsikiliza anapozungumza, anapoita kuku, anapocheka. Nikaona kwamba tukishusha wimbo hatua ndogo tano, nyumbani patakuwa A, na kodi tatu zitakuwa A, D na E. Kuna kibanio ambacho wapigaji hukifunga shingoni mwa gita ili kuhamisha wimbo bila kubadili mkono, lakini kibanio hupandisha tu, hakishushi. Ilibidi kodi zenyewe zibadilike.

Tazama sasa kilichotokea. D na A zimo katika orodha zote mbili, lakini kazi zake zimebadilika. Katika orodha ya kwanza D ni nyumbani na A ni njia ya kurudi. Katika ya pili A ndiyo nyumbani, na D imekuwa jirani. Kijana ilimvuruga sana hali hiyo; kila alipofika D mkono wake ulitaka kumaliza wimbo. Nilimweleza kwa mfano wa uhamisho. Mwalimu mmoja ni mkuu wa shule hapa. Akihamishwa anaweza kukuta kule kuna mkuu mwingine, naye akawa mwalimu wa zamu. Jina lake ni lile lile, na uso wake ni ule ule, lakini kengele sasa inapigwa kwa amri ya mwingine. Usimwulize ni nani. Muulize hapa anafanya kazi gani. Kijana akaelewa mara moja, na jioni ile ile akaupeleka wimbo kwenye C na kwenye G bila msaada wangu. Mimi bado nilikuwa nikitafuta E kwa macho.

Nilifanya mazoezi wiki mbili. Halafu jioni moja nilikaa barazani nikapiga wimbo ule katika A, polepole, kwa sababu polepole ndiyo kasi niliyo nayo. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Alipitisha ubeti mzima kimya. Katika ubeti wa pili alianza kuimba, bila kuinua macho kwenye ungo, na alipofika mahali ambapo wimbo unapanda alipanda nao, akafika, akashuka. Tuliumaliza wote. Akasema, "Huu sasa ni wimbo wa watu wazima," akaendelea na mchele wake.

Ningependa kusema kwamba kwaya nayo ilishuka hadi A na mambo yakaisha, lakini haikuwa hivyo. Wanaume wa besi walijaribu wakatoa mngurumo tu. A ilikuwa chini mno kwao, na wasichana wa sauti ya kwanza walionekana kama ndege waliofungwa uzi. Haki ya mmoja ilikuwa ikiwanyima wengine. Baada ya mashauriano wimbo ulishushwa hatua ndogo mbili, hadi C, ambako besi waliweza na wasichana hawakununa. Kwa mke wangu C ilikuwa bado juu, akiimba sauti ya kwanza. Mwalimu wa kwaya akampendekezea sauti ya pili.

Mtu ambaye hakuimba kwenye kwaya hawezi kujua uzito wa pendekezo hilo. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo. Ndiyo wanayoondoka nayo wasikilizaji midomoni. Sauti ya pili huimba kitu ambacho peke yake hakisikiki kama wimbo. Kwa mama aliyesimama mstari wa mbele miaka 40, kuhamia huko ni kama kupewa barua ya uhamisho bila kuiomba. Alinyamaza siku kadhaa.

Sikumshauri. Nilimwomba tu aketi, nikashika kodi ya C, nikaicharaza. Kisha nikamwomba aimbe mi huku mimi nikipiga do na so tu, nikiizuia mi isilie kwenye nyuzi. Do na so bila mi ni nyumba isiyo na watu: huwezi kujua kama kuna harusi au msiba. Mi yake ilipoingia, furaha iliingia nayo. Nikamwomba aishushe hatua moja ndogo, na huzuni ikatanda barazani. Mara nyingi, katika nyimbo zetu, wanaoishika sauti hiyo ni wa sauti ya pili. Wao ndio wanaosema wimbo ni wa kicheko au wa kilio. Alirudia mara tatu au nne, juu na chini, akitabasamu kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Jumapili ya pili yake alisimama mstari wa pili, na amesimama hapo hadi leo.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Katika kodi hakuna sauti iliyo kodi peke yake. C ikilia peke yake si kodi ya C. Ni sauti moja tu, inayoweza kuwa ya kodi kadhaa tofauti. Inahitaji wenzake ili ijulikane ni ya furaha au ya huzuni, ni ya nyumbani au ya njiani. Na kodi inapohama, baadhi ya sauti huondoka na baadhi hubaki, na zinazobaki ndizo zinazomfanya msikilizaji ajue kwamba bado tuko ndani ya wimbo mmoja. Ndivyo mkono wangu ulivyonifundisha pale C inapokwenda Am. Mkono ulilijua kabla yangu, lakini haukuweza kulisema. Kuelewa, kwangu, kumekuwa kulisema kwa maneno lile ambalo mkono ulikuwa ukilifanya, ili niweze kulibeba kwenda mahali pengine, kwa mtu mwingine, ambaye koo lake si kama la jana.

Kuhamia kwetu C kumeniletea deni moja, kwa maana kodi ya nne ya C ni F. Kodi ya F ndiyo iliyompa huruma yule bwana wa kwenye basi. Umbo lake kamili ni umbo la E lililosogezwa chumba kimoja, huku kidole cha shahada kikilala juu ya nyuzi zote sita. Naielewa vizuri kabisa. Lakini kidole changu cha shahada kilishika chaki kwa miaka mingi, fundo lake la kati limevimba, na kukilaza juu ya nyuzi sita ni kazi ambacho hakiko tayari kuifanya. Kijana amenipa njia nyingine. Naacha nyuzi mbili nene, nashika nne tu: kidole cha pete uzi wa nne chumba cha tatu, cha kati uzi wa tatu chumba cha pili, na cha shahada kinalalia nyuzi mbili nyembamba katika chumba cha kwanza. Nilizihesabu kwenye daftari kabla sijakubali. Zinatoka F, A, C, F. Nyuzi ni chache, lakini sauti zote tatu zimo.